Lemneya mint Sweilem na Sikio Moja la Gitaa

Wasikilizaji wapendwa, salaam aleikum. Kama birika liko motoni, punguza makaa, chai isikumwagikie. Kama una ugomvi na mtu hapo nyumbani, uahirishe kidogo, hautakimbia. Leo nina mtu wa kumkumbuka, na nikianza kumsimulia huwa sipendi kukatizwa.

Anaitwa Lemneya mint Sweilem. Narudia, kwa sababu wengi wenu mmecheza harusini kwa kazi ya mikono yake na jina lake hamlijui. Lemneya mint Sweilem. Amefariki Jumapili iliyopita, nyumbani kwake mtaa wa Arafat, hapa hapa Nouakchott, akiwa na miaka sabini na mmoja. Alikuwa binti wa mhunzi. Alishona ngozi. Na kwa karibu miaka arobaini alitengeneza masikio ya magitaa ya umeme.

Wapiga gitaa wananielewa tayari. Nyinyi wengine nisikilizeni. Chini ya nyuzi za gitaa la umeme kuna kisanduku chembamba, ndani yake sumaku na waya wa shaba uliozungushwa mara elfu kadhaa. Uzi ukitikisika, hicho kisanduku ndicho kinachosikia, halafu kinapeleka habari kwenye spika. Madukani wanakiita pikapu. Lemneya alikiita sikio, na mji mzima ukamfuata. Gitaa likifiwa na masikio, hata ulipige mpaka vidole vitoke damu, limebaki ubao.

Sasa sikio jipya, zuri, la kutoka ng'ambo, ni bei ya kumfanya mtu auze mbuzi wake na wa jirani. Nani mwanamuziki wetu mwenye pesa hizo? Kwa hiyo kazi ya mama huyu ilikuwa kumshika mkono mtu mwenye pesa kidogo, amchagulie sikio ambalo hatalijutia.

Alizaliwa nje ya Boutilimit, kwenye hema za wahunzi. Baba yake, Sweilem, alichonga tidinit, zile gambusi ndogo za waimbaji. Mama yake alishona mito ya ngozi na kuitia nakshi nyekundu. Ukame ule mkubwa ulipofagia mifugo, hakukuwa tena na wa kununua tandiko wala mto. Wakaja mjini na nyundo mbili, mfuko wa ngozi, na cherehani moja ya kuzungusha kwa mkono.

Na mnajua, msijifanye hamjui, jinsi mhunzi anavyosemwa kwetu. Bakuli unalonywea maziwa kalichonga yeye. Kufuli ya sanduku la bibi harusi kaigonga yeye. Lakini akipita, watu wanasogeza viatu. Kitu kikipotea, mhunzi kakichukua. Kitu kikivunjika, mhunzi kakivunja. Koo za waimbaji zinamsifu shujaa, zinamsifu mwanachuoni, zinamsifu hata mwenye ngamia wawili waliokonda. Mhunzi anayeitengeneza ile tidinit yenyewe hatajwi. Mimi hili limenikera tangu utotoni na leo nalisema.

Alianzaje? Mwaka wa themanini na sita alipeleka mito ya ngozi kwenye ofisi moja mjini. Uani akakuta rundo la simu za mezani zimetupwa, zile nyeusi nzito zenye kengele. Akamwomba mlinzi.

"Mama, simu hizi hazipigi tena," mlinzi akamwambia.

"Na mimi sina wa kumpigia," akajibu. "Nataka kengele."

Ndani ya kengele ya simu kuna waya wa shaba mwembamba kuliko unywele wa mtoto mchanga. Wiki chache kabla, jirani mmoja mpiga gitaa alimletea sikio lililokufa, eti amtolee kile kibati cha juu kwa kisu cha ngozi. Lemneya alichungulia ndani, akacheka. "Hii si ni bobini ya cherehani tu? Mnalipia bobini bei ya ng'ombe?" Alipoziona zile simu, akili yake ikaunganisha.

Akaifunga bobini ya sumaku kwenye cherehani ya mama yake. Mkono wa kulia unazungusha gurudumu. Vidole vya kushoto vinauongoza waya. Kwenye goti, tasbihi. Kila mizunguko mia, anasogeza shanga moja. Shanga themanini, yaani mizunguko elfu nane, sikio moja. Waya ukikatika, umerudi mwanzo.

Sikio la kwanza lilikatika kwenye elfu sita na mia mbili. Akaanza upya. La pili likakatika. La tatu likamaliza, lakini lilikuwa bubu. La nne likasikia. Nimejaribu kufikiria subira hiyo, wasikilizaji wapendwa, na mimi ni mtu ambaye nikikosea kufunga kilemba mara mbili nakitupa. Nimeshindwa kuielewa.

Binti yake, Zeinebou, ameniambia hivi: "Tulikuwa tunaingia tunamsalimia, hajibu. Hatukukasirika. Tulijua yuko elfu tano."

Watu wakaanza kuja. Na hapa ndipo nilipompendea, kwa sababu alikuwa mfanyabiashara mbaya kuliko wote mjini. Mtu akifika na pesa mkononi anataka sikio jipya, Lemneya anauliza kwanza: "Limekufa au limelala?" Halafu anafungua gitaa. Mara nyingi ni kiungo cha waya, kile kilichochomelewa kwa risasi, kimeachia. Anakiunga. Au sikio limezama mbali na nyuzi, anakaza skrubu mbili likapanda. "Haya, nenda na pesa yako." Akiona kweli limekufa, anauliza swali la pili: "Spika yako ikoje?" Ukimwambia spika imepasuka, anakufukuza. "Katengeneze spika. Punda hapendezi kwa kuvishwa daraa ya harusi." Akishakujua hivyo ndipo mnakaa, chai inamiminwa, mnaongea masikio.

Sasa nifike kwenye habari yenyewe. Miaka thelathini iliyopita, mwaka wa tisini na nne.

Alikuwepo mpiga gitaa hodari, Khyar. Alikufa, akamwachia mwanawe Deddahi gitaa lake. Deddahi alikuwa na miaka ishirini na minne. Katika ukoo wa waimbaji, mkeka wa baba haurithiwi kwa kuzaliwa tu. Unaketi, unapiga mbele ya watu, wanakusikia, wanakubali au wanakukataa. Ukikataliwa, unakuwa mtu wa kupiga makofi nyuma ya wenzako hadi uzeeni. Siku yake ikapangwa. Harusi kubwa, Alhamisi, na atakayeimba ni Shangazi Tahya, dada wa marehemu, mpiga ardin, kile kinubi cha wanawake, mwenye ulimi kama wembe.

Siku nne kabla, Deddahi akalitoa gitaa sandukuni. Lilikuwa limekaa mwaka mzima katika nyumba ya karibu na bahari. Akalichomeka. Kimya. Akajaribu sikio la shingoni, kimya. Akajaribu la karibu na daraja la nyuzi, kimya. Akalichukua mbio hadi Arafat.

Lemneya akalifungua, akapima, akatikisa kichwa. "Haya hayajalala, mwanangu. Chumvi imeyala yote mawili."

"Nitengenezee mengine, mama. Nakuomba."

"Waya sina. Simu za kengele zimekwisha mjini, mwezi wa pili huu natafuta. Una kiasi gani?"

Akamwonyesha. Ilikuwa pesa ya sikio moja la maana, au masikio mawili ya ovyo.

Wakaenda sokoni pamoja. Muuzaji wa vitu chakavu akawatolea masikio mawili ya plastiki, mapya, yanang'aa. Deddahi uso ukamchanua. Mawili! Lemneya akachomoa sindano ya ngozi kwenye pindo la melhafa, vazi lake la kujitanda, akaigusisha kwenye sumaku. Sindano ikaanguka.

"Mama," muuzaji akasema, "hili ni gitaa, si tandiko la ngamia."

"Tandiko nalo likichaguliwa vibaya, anayelia ni aliyelikalia. Hilo la pale chini ni la nini?"

Lilikuwa sikio kuukuu lililoletwa na baharia kutoka Las Palmas. Halikuwa na vile vitufe sita vya kawaida. Lilikuwa na sumaku moja ndefu, nyembamba, kama ukingo wa kisu. "Hilo bovu," muuzaji akasema. "Vitufe vimeng'oka. Nimekaa nalo miaka miwili." Lemneya akagusisha sindano. Sindano ikang'ang'ania, ikabidi aivute. Akaliunganisha kwenye redio ya muuzaji, akalisogeza karibu na jenereta ya jirani iliyokuwa inanguruma. Redio haikunguruma. Ndani mlikuwa na koili mbili pacha, moja imezungushwa kulia na nyingine kushoto. Uvumi wa umeme ukiingia huku, unakutana na mwenzake kule, wanamalizana.

"Chukua hili," akamwambia.

"Ni moja, mama!"

"Bora moja linalosikia kuliko mawili yanayovuma."

Deddahi akalipa, lakini njia nzima alikuwa ananung'unika, na alikuwa na haki. Baba yake alianza kila harusi kwa sikio la shingoni, sauti nene, nzito, ya kutuliza watu. Akamaliza kwa sikio la darajani, sauti nyembamba, kali, inayomfanya mtu mzima alie. Hivyo ndivyo ukoo wao unavyojulikana. Ukiweka sikio moja shingoni, utamalizaje? Ukiliweka darajani, utaanzaje? Shangazi Tahya angesikia kasoro kabla glasi ya kwanza ya chai haijapoa.

Walipofika nyumbani, Lemneya aliketi. Alilitazama lile gitaa. Kisha akauliza swali ambalo, wasikilizaji wapendwa, kila nikilifikiria nywele zinanisimama. Aliuliza: "Mkishapita Lekhal, mnarudi?"

Nyinyi mnajua jibu. Muziki wetu una vituo vyake. Kar, halafu Faghu, halafu Lekhal, ile Nyeusi, halafu Lebyadh, ile Nyeupe, halafu Lebteit. Unakwenda mbele tu. Anayerudi nyuma anachekwa mpaka na watoto.

"Haturudi," Deddahi akasema. "Hata siku moja."

"Basi hamjawahi kuhitaji masikio mawili," Lemneya akasema. "Mnahitaji moja linalotembea."

Mnaielewa? Wapiga gitaa wa nchi hii tulikuwa nao mamia. Wazee wenye hekima, vijana waliosoma, mafundi wenye maduka. Wote walikuwa wameshika magitaa yenye masikio mawili yasiyotumika kwa wakati mmoja, na hakuna aliyewaza hilo. Akawaza mshona mito.

Akamweleza. Kuna shimo la sikio shingoni na shimo la sikio darajani. Ubao wa katikati ukikatwa, mashimo yanakuwa mfereji mmoja. Sikio linawekwa juu ya mkanda wa ngozi ya mbuzi uliopakwa nta, unaobana kidogo pande zote. Mpigaji analisukuma kwa kidole, kidogo kidogo, kutoka shingoni kuelekea darajani, kadiri muziki unavyosonga. Na kwa vile sumaku yake ni moja ndefu, haina vitufe, kila uzi unasikika popote lilipo. Sikio la vitufe lisingeweza. Lile bovu la muuzaji ndilo pekee lililofaa.

"Lakini ubao ukikatwa haurudi," akamwambia. "Ni gitaa la baba yako. Kafikirie."

Deddahi akaenda kulifikiria usiku kucha. Asubuhi akarudi, macho mekundu. "Kata," akasema.

Zeinebou alikuwa na miaka kumi na saba, ndiye aliyeshikilia gitaa. "Mama alitumia patasi ya babu," ameniambia. "Kabla ya kugonga mara ya kwanza aliishika patasi muda mrefu. Kisha akagonga. Mimi nilifumba macho, mpaka akanikemea."

Alhamisi ikafika. Alasiri, hema kubwa, nyama imeiva, maziwa ya zrig yanapita. Deddahi akalitoa gitaa kwenye mfuko wake. Shangazi Tahya akaliona lile tobo refu chini ya nyuzi.

"Nani kafanya hivi?"

"Lemneya mint Sweilem, shangazi."

"Mhunzi! Umempa mhunzi patasi aifukue maiti ya kaka yangu!" Sauti hiyo ilisikika mpaka kwa wapishi. "Ukikosea leo, Deddahi, hata nota moja, usiketi tena pembeni yangu. Na huyo mshona mito wako asije akaonekana na chombo cha mwimbaji mkononi."

Mshona mito alikuwepo, ameketi nyuma kabisa, karibu na mlango wa hema, melhafa imefunika nusu ya uso.

Wakaanza. Kar. Sikio liko shingoni, sauti nene, inajaza hema taratibu. Waliomjua Khyar wakatazamana. Faghu. Deddahi akasukuma kwa kidole cha mwisho, sikio likasogea upana wa kokwa ya tende, na sauti ikapata ukali kidogo, kidogo tu. Hakuna aliyewahi kusikia kitu kama hicho. Masikio mawili yanaruka kutoka sauti moja hadi nyingine. Hili lilikuwa linazeeka, kama mtu anavyozeeka, humwoni anapobadilika. Wazee wakaacha kutafuna. Mimi nina kanda ya siku hiyo. Nimeisikiliza mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri mbele ya mke wangu, na bado sehemu hiyo hunifanya niweke glasi chini.

Wakaingia Lekhal. Joto lilikuwa limejaa hemani, na Deddahi alikuwa ametota jasho. Jasho likadondoka mferejini. Ngozi ikinyonya maji inavimba, mshonaji yeyote anajua. Wakati wa kuvuka kwenda Lebyadh ukafika. Deddahi akasukuma sikio. Halikusogea. Akasukuma tena. Limekwama katikati.

Kuvuka na sauti hiyo hawezi. Kurudi hawezi. Akabaki Lekhal. Akaizungusha, akaizungusha tena, akitafuta njia. Watu wa mbele walidhani ni ustadi, wakapiga vigelegele. Shangazi Tahya hakudanganyika. Alikiona kidole cha mpwa wake kinasukuma na hakiendi. Alimkazia macho. Na pale nyuma, mlangoni, watu waliona kitu kingine. Waliona Lemneya mint Sweilem anasimama wima.

Kilichofuata kilichukua muda mfupi kuliko mimi ninavyokisimulia. Tahya, huku anaimba, bila kukata pumzi, akapitisha kidole kwenye nywele zake zilizosukwa, zilizopakwa mafuta tangu asubuhi. Akainama juu ya gitaa. Akapaka kingo mbili za ule mkanda wa ngozi. Halafu kwa kidole hicho hicho, mwenyewe, akalisukuma sikio hadi Lebyadh.

Sauti ikatoka nyeupe, nyembamba, safi. Hema nzima iliinuka. Mwanamke wa ukoo wa waimbaji, Tahya, mwenye ulimi ule, ameweka mkono wake kwenye kazi ya mhunzi mbele ya watu mia tatu! Na walipomaliza Lebteit, Tahya akafanya jambo ambalo halikuwahi kufanywa. Hakupamba maneno, maana hakuwa mtu wa kumwaga sifa. Aliimba jina tu. Lemneya mint Sweilem. Mara moja, akaweka ardin chini.

Deddahi alipata mkeka wa baba yake, na bado ameukalia. Mnamjua wote. Siku hizi anaweza kununua masikio kumi ya ng'ambo akitaka. Gitaa lake lina lile lile la Las Palmas.

Lemneya alipata wateja wengi baada ya harusi ile, na wengi walitaka magitaa yao yakatwe mfereji. Akawakatalia karibu wote. "Lako lina masikio mazima. Unataka nikate ili watu waone kwamba limekatwa?" Katika maisha yake yote alikata magitaa matatu. Aliendelea kuuliza limekufa au limelala, aliendelea kurudisha watu na pesa zao, na nyumba yake ya Arafat haikuongezwa hata chumba kimoja.

Lakini mji wetu unapenda utani, na utani mmoja ulimfuata miaka yote thelathini. Walisema sikio lilipokwama, mhunzi alisimama akimbie. Deddahi mwenyewe aliusimulia kila harusi. Aliusimulia hapa, kwenye kiti kilicho mbele yangu, tukacheka, na mimi nilicheka zaidi yake. Mwenyewe Lemneya akitaniwa alikuwa anasema: "Ndiyo, viatu vyangu nilishavielekeza mlangoni." Na anawamiminia chai.

Siku ya tatu ya msiba, Deddahi aliketi na Zeinebou uani kwao. Nilikuwepo. Katika kumkumbuka marehemu, akataka kuwachekesha waliofiwa kidogo, kama tunavyofanya. Akaanza: "Mnakumbuka mama alivyosimama akimbie?"

Zeinebou hakucheka. Akasema: "Hakuwa anakimbia, kaka Deddahi."

Akatueleza. Asubuhi ile, kabla patasi haijagonga ubao, ule muda mrefu alipoishika mkononi, mama yake alimwambia hivi: "Sikiliza. Likiharibika mbele ya watu, nitasimama niseme nimelikata kwa kiburi changu, bila kumwuliza. Wewe usinipinge. Mhunzi kuharibu kitu si habari mpya. Lakini huyu, wakijua kwamba alikubali gitaa la baba yake likatwe, hapewi mkeka milele."

Zeinebou alimwuliza: "Na wewe, mama? Hawatakuletea kazi tena."

"Nitashona mito," akasema. Na akagonga.

Kwa hiyo aliposimama pale mlangoni, alikuwa amesimama kusema. Shangazi Tahya, Mungu amrehemu naye, ndiye aliyemwahi. Na miaka thelathini watu walimcheka kwa hilo, na Deddahi aliyekuwa anaokolewa akawa wa kwanza kucheka, na Lemneya akanyamaza, kwa sababu kujieleza kungefichua jinsi Deddahi alivyokaribia kuanguka.

Deddahi aliinamisha kichwa. Mwanamume wa miaka hamsini na minne, mwenye jina lake, alilia mbele za watu na hakufunika uso. Aliponyanyuka akanishika mkono wa daraa yangu. "Una redio," akaniambia. "Mimi niliusema uongo huo redioni kwako. Usahihishe."

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya kituo hiki na kwa niaba yangu, tunampa pole Zeinebou, wanawe, na jamaa wote wa Sweilem. Mwenyezi Mungu amlaze pema, ampanulie kaburi lake, awape subira. Na wewe unayenisikiliza, kabla hujalala leo, mtafute mtu uliyemcheka siku aliposimama. Kama yu hai, mwulize alisimama kwa ajili gani. Usingoje kuambiwa na binti yake msibani, kama sisi.

Nasahihisha sasa, polepole, ili nisikike hadi Boutilimit. Siku ya Alhamisi ile, ndani ya hema ile, Lemneya mint Sweilem hakuwa anakimbia. Narudia. Hakuwa anakimbia.